Ubao wa Mawimbi Kutoka Uani: Kitambaa, Mizani na Subira

HUENDA ukacheka, ndugu msomaji, kijana wako akikujia jioni moja pale Kawangware 56 na kukwambia kwamba anataka kutengeneza ubao wa kupandia mawimbi. Kutoka stendi hiyo hadi ufuo wa Mombasa ni safari ya karibu kilomita 500. Majirani watauliza kama mawimbi yenyewe yatatoka kwenye mtaro wa maji machafu.

Usicheke sana. Jiji hili halikuwa geni kwa michezo ya majini. Bwawa la Nairobi, lililo kati ya Kibera na Lang'ata, lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya jiji, na kwa miaka mingi mashua ndogo zilitweka matanga humo mwishoni mwa wiki. Baadaye magugu maji na uchafu wa mitaani vililiziba. Isitoshe, ufundi anaouomba kijana wako umekuzunguka kila siku. Bampa za magari, matangi ya maji na mashua za kisasa, baadhi ya hizo hutengenezwa kwa faibaglasi. Anayejua kuvika ubao faibaglasi vizuri hatashindwa kuziba tangi la faibaglasi lililopasuka.

Basi leo tuuangalie ufundi huo hatua kwa hatua. Tutauangalia mahali ambapo wengi wetu tunaishi: kwenye ploti yenye vyumba kumi, bomba moja la maji, kamba za nguo na watoto wanaocheza uani. Huko ndiko kosa dogo linakoweza kumgharimu mtu pesa zake, ngozi yake, au amani yake na majirani.

NGUVU IKO WAPI?

Zamani ubao wa mawimbi ulikuwa ni mbao tupu. Duke Kahanamoku wa Hawaii, muogeleaji aliyeshinda dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya 1912 na 1920, alikuwa na ubao wa urefu wa futi 16 uliokuwa na uzani wa kama kilo 50. Hebu fikiria kuubeba gunia zima la saruji begani ukielekea kucheza! Ni katika miaka ya 1940 ndipo mafundi wa California, Bob Simmons akiwa miongoni mwao, walipoanza kuzivika mbao nyepesi shuka ya faibaglasi.

Faibaglasi ni nini? Ni kioo kilichoyeyushwa kikavutwa kuwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, kisha nyuzi hizo zikafumwa kama kitambaa. Ukikishika kitambaa hicho kikavu, kinakunjika kama leso. Gundi nayo, yaani epoksi, ikikauka peke yake ni ngumu lakini huvunjika. Vikiungana, kila kimoja hufidia udhaifu wa mwenzake.

Kama umewahi kuona nyumba ya udongo ikijengwa, umekwisha kuelewa. Fito bila udongo hazizuii upepo, na udongo bila fito huporomoka. Kazi ya udongo ni kuzishika fito mahali pake. Vivyo hivyo, nguvu ya ubao imo katika kitambaa, na gundi kazi yake ni kukishika tu. Mtu anayemimina gundi nyingi akidhani anaongeza nguvu, anaongeza uzani na kuufanya ubao uwe rahisi kupasuka.

Katikati ya shuka ya juu na ya chini huwa kuna kitu chepesi. Chukua kipande cha katoni ukitazame pembeni: karatasi mbili zilizonyooka, na katikati karatasi yenye mikunjo. Kila karatasi peke yake ni dhaifu, lakini zikitenganishwa hivyo, katoni hubeba mzigo. Katika ubao wetu, mahali pa mikunjo hushikwa na polistirini, ile povu nyeupe ngumu inayofungiwa televisheni na friji.

Hata hivyo, usiokote povu lolote kutoka jaani. La kufungia vyombo mara nyingi huwa laini mno. Tafuta bamba la ujenzi lililoshikamana vizuri, ambalo ukilibonyeza kwa kidole haliachi shimo kwa urahisi. Mapande hayo si mageni nchini: Shirika la Nyumba la Taifa lilijenga kiwanda cha paneli za polistirini huko Mavoko.

POLIESTA AU EPOKSI?

Hapa ndipo wanaoanza wengi hupoteza pesa zao. Ukienda kwa fundi wa bampa ukamwomba gundi ya faibaglasi, yaelekea atakupa poliesta. Ni rahisi kwa bei, na hukauka upesi. Lakini ndani ya poliesta kuna kiyeyushi kiitwacho staireni, na staireni huila polistirini kama maji ya moto yanavyokula sukari. Utapaka, utageuka kuchukua brashi, na ukirudi utakuta mashimo.

Ukitaka kuhakikisha, dondosha tone moja la gundi kwenye kipande cha povu usichokihitaji, ungoje nusu saa. Jaribio hilo la tone moja linaweza kuokoa kazi ya wiki nzima.

Epoksi haili povu. Chimbuko lake ni miaka ya 1930 na 1940, kwa kazi ya wanakemia wawili, Pierre Castan wa Uswisi, aliyekuwa akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia, na Sylvan Greenlee wa Marekani. Huuzwa katika makopo mawili: kopo la gundi yenyewe na kopo la dawa ya kugandisha, ambayo mafundi huiita hadena.

Sasa sikiliza kwa makini, hasa kama umewahi kufanya kazi na poliesta. Kwenye poliesta, dawa ya kugandisha hutiwa kidogo sana, asilimia moja au mbili, na fundi akitaka kazi iharakishe huongeza matone. Kwenye epoksi hadena ni nusu ya jengo lenyewe. Kila chembe ya gundi hutafuta chembe ya hadena ya kushikana nayo. Ukizidisha hadena, chembe zilizokosa mwenzake hubaki zikielea, na ubao wako utanata kama peremende iliyolambwa, leo, kesho na mwezi ujao. Ukipunguza, matokeo ni yale yale. Wala hakuna dawa ya kurekebisha: ni kukwangua yote na kuanza upya.

MIZANI NDIYO FUNDI MKUU

Kwa hiyo, kabla ya kununua msasa au brashi, azima au ununue mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Halafu soma kopo. Kila kampuni ina kipimo chake, na kipimo cha kikombe si sawa na kipimo cha mizani, kwa sababu hadena kwa kawaida ni nyepesi kuliko gundi.

Tuchukue mfano ambao mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuukokotoa. Tuseme kopo limeandikwa 2 kwa 1 kwa ujazo, na 100 kwa 45 kwa uzani. Ukipima gramu 200 za gundi, utahitaji gramu 90 za hadena. Mwenye pupa atasoma "2 kwa 1", aweke kikopo kwenye mizani na kutia gramu 100. Amezidisha gramu 10, na kazi imeharibika kabla ya kuanza.

Ukishapima, koroga dakika mbili au tatu kwa saa, si kwa kukisia. Kwangua kando na chini ya kikopo, kwani huko ndiko gundi isiyochanganyika hujificha.

Kadhalika, usichanganye nyingi kwa mara moja. Epoksi ikianza kushikana hutoa joto, na joto hilo huharakisha kushikana zaidi. Ikiwa nyingi ndani ya kikopo kirefu, joto halina pa kutokea. Kikopo huanza kutoa moshi, plastiki huyeyuka, na mkono uliokishika huungua. Changanya kidogo kidogo, gramu 200 au 300, na uimwage mara moja juu ya kitambaa ambako itatandazika na kupoa. Kikopo kikianza kuwa moto mkononi, kiweke nje juu ya udongo, mbali na watoto. Usikitupe ndani ya pipa la taka lenye karatasi.

PLOTI SI KARAKANA

Mzazi, hapa ninakuhitaji wewe. Epoksi haina harufu kali kama poliesta, na ndiyo sababu watu huidharau. Hatari yake iko kwenye ngozi. Mtu anaweza kuishika mara kumi asione kitu, na mara ya kumi na moja mikono ikavimba na kuwasha. Mwili ukishaikataa hivyo, aghalabu huikataa maisha yote. Fundi kijana anaweza kulazimika kuiacha kazi aliyoipenda kwa sababu tu alidharau glavu.

Nunua glavu za nitraili, zile ambazo mara nyingi ni za buluu, uzibadilishe kila zinapochafuka. Vaa shati la mikono mirefu. Ikikugusa, ipanguse kwa kitambaa kikavu, kisha ujioshe kwa sabuni na maji mengi. Usijioshe kwa tina wala petroli, kwani hivyo huipeleka gundi ndani zaidi ya ngozi. Wakati wa kupiga msasa, vaa barakoa nzuri ya vumbi na miwani, na utumie msasa wa maji ili vumbi lisipeperuke hadi kwenye nguo na sufuria za majirani.

Usifanye kazi hii ndani ya chumba unacholala, wala karibu na jiko la makaa au stovu. Povu la polistirini hushika moto upesi na moshi wake ni mweusi wa kukaba. Mabaki yake usiyachome. Ongea na mwenye ploti na majirani mapema, uchague siku ambayo kamba za nguo ni tupu, na umwombe mtu mmoja mzima akae akiwazuia watoto. Ukikosa nafasi hiyo, heri uende kwa fundi mwenye banda la wazi ukamwombe pembe kwa siku mbili.

SIKU YA KAZI

Tuseme povu limekwisha chongwa umbo la ubao wa mwanzilishi, futi 8 kwa urefu, inchi 22 kwa upana na inchi 3 kwa unene, likiwa na ufito wa mbao uliogandishwa katikati kutoka ncha hadi ncha. Umelipiga msasa likawa laini. Utahitaji kitambaa cha uzani wa gramu 200 hivi kwa mita mraba, kama mita 8 za kitambaa chembamba kwa jumla: tabaka moja chini, matabaka mawili juu ambako miguu itakanyaga. Kwa kukadiria, gundi na hadena pamoja ziwe kilo 2 na nusu hadi 3, kwa sababu gundi ya kuvikia huenda sawa na uzani wa kitambaa, na iliyobaki ni ya kupaka juu na ya kupotea.

Kwanza, ziba vijitundu vya povu kwa epoksi iliyochanganywa na unga mwepesi wa kujazia, uliokwangurwa uwe mwembamba. Usipofanya hivyo, povu litainywa gundi yako.

Pili, laza ubao juu ya vigoda viwili, tumbo juu. Tandaza kitambaa kikavu, ukinyooshe kwa kiganja, ukikate kibaki kikining'inia hadi inchi 2 kupita ukingo. Kwenye kona za ncha na mkia, kikate vipande vipande ili kilale bila kukunjamana. Fanya yote haya kabla ya kufungua kopo. Ukishachanganya gundi, saa imeanza kwenda na haitakungoja utafute mkasi.

Tatu, mwaga gundi katikati, uisukume kuelekea kando kwa kipande cha plastiki kilichonyooka. Usikandamize kwa nguvu. Kitambaa kikavu ni cheupe. Kikishalowa hugeuka kuwa kama hakipo. Hiyo ndiyo lugha yake. Ukiona weupe, hapo pana njaa ya gundi. Ukiona dimbwi linalong'aa, hapo imezidi, isukume itoke. Kazi nzuri haing'ai sana, na nyuzi bado zaonekana kama shati lililolowa jasho.

Nne, vika kando. Kunja ile sehemu iliyoning'inia izunguke ukingo, uilaze kwa kidole chenye glavu, na ufukuze hewa. Hapo ndipo maji huingilia baadaye, basi usiwe na haraka.

Tano, acha ilale usiku kucha. Kesho yake piga msasa ule ukingo, geuza ubao, uvike upande wa juu kwa matabaka mawili kwa pamoja. Ikifika saa chache baadaye, gundi ikiwa bado inanata kidogo lakini haitoki kwa kidole, paka gundi nyingine nyembamba ya kujaza matundu ya kitambaa. Kwa wakati huo zitashikana zenyewe. Ukichelewa hadi kesho, itakubidi uoshe na kupiga msasa kwanza.

BARIDI YA JULAI NA JUA LA SAA SITA

Nairobi ina mitego miwili. Wa kwanza ni baridi ya Juni na Julai. Epoksi nyingi hushikana polepole sana chini ya nyuzi 15, na usiku wa Julai hushuka chini ya hapo. Pamoja na unyevu, huacha utando wa mafuta mafuta juu ya kazi. Utando huo usiupige msasa kwanza, kwani utausambaza. Uoshe kwa maji na sponji ya kusugulia, uukaushe, ndipo upige msasa.

Mtego wa pili ni jua. Ukianza kazi asubuhi, jua likipanda povu hupata joto, hewa iliyo ndani yake hupanuka na kutoka kwa vipovu chini ya kitambaa kibichi. Anza wakati joto linaposhuka, mnamo saa kumi alasiri kivulini. Hapo povu linapoa, na badala ya kusukuma hewa nje huivuta gundi ndani kidogo. Ni hekima ndogo inayookoa kazi kubwa.

KUTOKA MLIMANI HADI PWANI

Sasa kuna jambo ambalo fundi wa Mombasa hana haja ya kuliwaza, lakini wewe wa Kawangware unalo. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huku ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko ufuoni. Ubao uliofungwa huku umefungiwa hewa hafifu. Ukiufikisha pwani, hewa ya nje inaubana. Ukiwa na tundu dogo kama la sindano, ubao huo unaweza kuvuta maji jinsi kidirisha cha mpira cha chupa ya dawa ya macho kinavyovuta dawa kikiachiwa.

Kwa hiyo, kagua kila inchi. Shika ubao kuelekea mwanga, pitisha ukucha, ziba kila tundu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mafundi wa majahazi huko Lamu wanalijua jambo hili kwa njia yao: jahazi halishuki majini kabla ya mianya ya mbao kushindiliwa pamba iliyotiwa mafuta, kazi waiitayo kalafati.

Paka ubao rangi nyeupe, kwani jua huidhoofisha epoksi taratibu, na rangi nyeusi hukusanya joto linaloweza kuitenga shuka na povu. Safarini uufunike kwa blanketi, usianikwe juu ya basi kutwa nzima. Na uungoje wiki moja tangu siku ya mwisho ya kupaka, epoksi ipate nguvu zake zote.

Kabla ya kusafiri, upime kwa mizani na uandike uzani wake. Ukitoka baharini, ukaushe na upime tena. Ukizidi, umekunywa maji. Tafuta tundu, acha maji yatoke, ndipo uzibe.

KABLA YA WIMBI LA KWANZA

Ufuo mwingi wa Kenya umekingwa na miamba ya matumbawe, na mawimbi makubwa huvunjikia mbali. Ghuba ya Malindi ni tofauti: mto Sabaki humwaga maji baridi na tope karibu na hapo, matumbawe hayakuziba, na wakati wa kusi, hasa Julai na Agosti, mawimbi hufika hadi mchangani. Huko ndiko kijana wako atakakofurahi.

Lakini ubao si jaketi la kuokolea maisha. Asiyejua kuogelea ajifunze kwanza, kwenye bwawa la kuogelea lenye mwangalizi. Wala asiujaribu ubao wake katika Bwawa la Nairobi wala mto wowote wa jiji, kwani maji taka hayana mzaha.

Na kama bahari itachelewa, kwa kuwa nauli ni nauli na karo ni karo, ujue kwamba hakuna kilichopotea. Kijana aliyepima gramu 90 akakataa kutia 100, aliyengoja usiku kucha bila kugusa, na aliyeziba tundu ambalo hakuna mwingine angeliona, tayari ameshika kazi ya mikono. Tangi la faibaglasi la ploti likipasuka, mtajua wa kumwita. Mwanzishie na mizani.